Karatasi ya Chumba cha Zafarani

Nianze na mimi mwenyewe ili tusidanganyane. Kazini wananiita Redio, kwa sababu mdomo wangu hauna pa kuuzimia. Nasafisha vyumba katika hoteli moja ndogo katikati ya mji, ghorofa ya tatu na ya nne, huu mwaka wa kumi na moja. Lakini habari hii si yangu. Ni ya mwenzangu niliyegawana naye ghorofa hizo miaka yote, mwanamke tunayemwita Kona, na ya marehemu mumewe.

Jina la Kona lilitokana na shuka. Sisi wengine tukitandika kitanda tunakunja pembe, tunachomeka, basi, twende kingine. Pembe zake yeye zilikaa kama bahasha iliyotoka posta. Msimamizi alikuwa akiwaleta wafanyakazi wapya wazitazame, nami nikawa nawaambia wavue viatu kwanza, wameingia mahali patakatifu. Kona alicheka tu. Alikuwa mtu wa kucheka kwa pua. Akiingia chumbani mikono yake ilianza kazi yenyewe, kichwa chake kikiwa nyumbani kinawaza mboga.

Hoteli yetu ni ya hawa watu wa kisasa. Ina vyumba kumi na vinane tu, imebanwa kati ya benki na duka la viatu, na kila kitu ndani yake kimefanywa kionekane hakijamalizwa. Kuta ni matofali matupu. Taa zinaning'inia kwenye waya. Mapokezi hakuna meza, kuna kochi, na kijana mwenye suruali iliyoishia juu ya vifundo anakupokea kama mlisoma pamoja. Vyumba havina namba, vina majina ya rangi, kwa hiyo wageni wanapotea, na wanalipa ghali kupotea. Siku yangu ya kwanza nilimwuliza msimamizi mafundi watarudi lini kumalizia. Hakucheka.

Tuna sheria zetu pia, na iliyo kali kuliko zote ni ya karatasi. Zamani kidogo mgeni mmoja, mtu mzito, aliacha maandishi yake mezani, yakatokea gazetini, ikawa balaa. Tangu hapo ni hivi: kila chumba kina kidaftari cha karatasi nyeupe na penseli kando ya simu, na kila asubuhi anayesafisha anachana ukurasa ulioandikwa pamoja na kurasa tatu zilizo chini yake, maana penseli huacha alama. Zote zinaingia mfuko wa bluu unaokaa kabatini mwa kila chumba. Mfuko unashuka stoo, chini ya ngazi, kwenye mashine ya kukatakata karatasi, kabla ya saa tatu. Kusoma ni marufuku. Mimi ya watu nayasema yote, ila hayo ya kwenye karatasi sijawahi kuyaangalia, na nilikuwa najivunia.

Sasa mume wa Kona. Alikuwa fundi wa kuandika mabango, mji mzima ukimjua kwa jina la Fundi Herufi. Vinyozi, maduka ya dawa, shule, milango ya magari ya mizigo, kote huko alipita na brashi yake na rula yake ya mbao. Alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikulia chini ya ngazi ya baba yake, ameshika kopo la rangi. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa akichorewa herufi kubwa azijaze rangi. Alipofika ishirini kuna wateja waliokuwa wakimtaka yeye, baba baadaye.

Kisha yakaja mabango ya plastiki yanayochapwa kwa kompyuta. Wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja. Binti akapata kazi katika kampuni mojawapo ya hizo hizo, na badala ya kumtayarisha baba yake polepole, akamwambia asubuhi moja karakanani, mbele ya wateja wawili. Fundi alikuwa mtu wa hasira za haraka. Alimwambia, "Kuanzia leo usiniite baba." Binti akaweka brashi chini, akanawa mikono, akaondoka. Ikawa miaka sita.

Mwaka wa nne wa ugomvi huo Fundi aliota uvimbe kooni, ukawa saratani, na madaktari wakaondoa sanduku la sauti. Akabaki na tundu shingoni lililofunikwa kitambaa, na kibao cheupe cha watoto, vile vya kuandika na kufuta. Hicho ndicho kilichokuwa mdomo wake. Simu hakuitaka kabisa. Alisema, yaani aliandika, kwamba herufi isiyopita mkononi mwa mtu si herufi. Kwa hiyo sauti ya mwisho ambayo binti aliisikia kwa baba yake ni ile ya karakanani.

Kona alikuwa katikati yao, kila upande ukimvuta. Kila Alhamisi baada ya kazi alikutana na binti yake kwenye benchi la kituo cha basi, wakakaa nusu saa. Binti alikuwa na sharti moja, hakulegeza hata kidogo. "Aniite, mama. Kwa kibao, kwa karatasi, kwa mkaa ukutani, shauri yake. Neno moja tu kwa mkono wake. Siku hiyo hiyo nitakuja." Na baba naye, akitajiwa habari hiyo, alikuwa akigeuza kibao kifudifudi. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kuondoka chumbani bila kuinuka.

Mwaka huu uvimbe ulirudi. Daktari alimwita Kona pembeni akamwambia wahesabu miezi, wasihesabu miaka. Alinisimulia tukiwa tunakunja taulo, na hakulia, alizidi kukunja tu, mpaka tukamaliza taulo za siku mbili. Toka siku ile alikuwa akitaka kitu kimoja tu duniani: mumewe amwandikie binti yao neno moja kabla hajafa.

Hoteli ina utaratibu wake, wameuita Usiku wa Mgeni. Mara moja kwa mwaka kila mfanyakazi analala chumba kimoja na mwenzake mmoja, bure, ili asubuhi ajaze fomu ya kasoro: maji yanachelewa kupata moto, pazia linapitisha mwanga, vitu kama hivyo. Mimi nimelala mara kumi na nimejaza kasoro mpaka nyuma ya fomu. Kona hakuwahi. Alisema kitanda anachokijua kwa chini hawezi kukipenda kwa juu. Mwaka huu akaenda kwa msimamizi mwenyewe, akaomba chumba cha Zafarani, kilicho ghorofa ya tatu upande wa asubuhi.

Nilidhani anataka kumstarehesha mgonjwa. Kumbe alikuwa na lake. Kwenye ukuta wa mapokezi, juu ya kochi, kuna herufi nyekundu za urefu wa mkono, KARIBU PUMZIKA, zilizofanywa zionekane kama zimepakwa kwa brashi. Ni plastiki. Zililetwa miaka miwili iliyopita na ile kampuni ya binti, na aliyepanda ngazi kuzibandika alikuwa binti mwenyewe. Aliyemshikia ngazi ni Kona.

Walifika saa tisa alasiri. Fundi alivaa koti lake la harusi za watu, limekuwa kubwa kwake kama amelazimishwa kuazima. Nikampokea kwa kuinama mpaka chini. "Karibu sana mheshimiwa, mizigo iko wapi?" Akanikabidhi kibao chake kwa maringo kama ndio sanduku. Alikuwa shemeji mwenye utani.

Kisha akauona ukuta. Alisogea mpaka pua ikakaribia matofali, akapitisha kidole kwenye ukingo wa herufi, akaandika: *Plastiki.* Akafuta. Akarudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka kijana wa mapokezi akaniuliza kwa macho kama kuna tatizo. Fundi akaandika tena: *Lakini nafasi za katikati ni sahihi. Hii A imesogezwa kwa jicho. Mashine haijui hivyo. Nani kapanga?*

Kona akamsogelea. "Ni mwanao, mume wangu. Alipanda ngazi mwenyewe."

Fundi hakugeuza kibao. Alifuta lile swali, akakaa kwenye kochi chini ya zile herufi, akashika tama kwa robo saa nzima. Halafu akakifuta kibao tena, na hakikuwa na maandishi.

Ya chumbani alinisimulia Kona baadaye. Kwamba Fundi alilicheka lile beseni kubwa la kuogea lililowekwa karibu na kitanda, na kukicheka kile kiti cha umbo la yai, akakaa ndani yake na kugoma kutoka. Kwamba alikibonyeza kitanda kwa kiganja akaandika, *Hiki ni cha watu wangapi?* Kwamba walikaa dirishani mpaka jioni wakitazama mabango ya mtaa, yeye akimwonyesha kwa kidole machache yaliyobaki ya mkono wake. Juu ya binti hawakusema neno. Kona aliogopa kugusa, akahofia atageuza kibao.

Usingizi ulimchukua Kona kama hajawahi kulala. Alfajiri alifumbua macho kidogo, akaona mgongo wa mumewe umeinama mezani kwenye mwanga wa dirisha, akadhani anavaa viatu. Akalala tena. Alipoamka mara ya pili ilikuwa saa mbili kasoro, jua limeshaingia, na mumewe alikuwa kwenye beseni nyuma ya pazia, ameketi maji yakimfika kiunoni, taulo amejizungushia shingoni ili tundu lisiingie maji. Kona alishtuka. Aliona chumba cha Zafarani, aliona jua, akajua amechelewa kazini.

Miaka kumi na moja, saa mbili kasoro, katika chumba hicho. Mikono ikaanza yenyewe. Shuka, kona nne, mito, kioo, pipa la taka, meza.

Mimi nilikuwa ukumbini na toroli langu. Mlango ukafunguka, Kona akatoka na joho la hoteli, nywele zimesimama, akanipa mfuko wa bluu bila hata kunitazama. Nilichungulia ndani nikaona kitanda kimetandikwa. Nilicheka nikashika ukuta.

"Shoga, leo wewe ni mgeni! Wageni hawatandiki!"

Akasimama. Akatazama joho. Akacheka na yeye, kwa pua, akafunga mlango. Nikashuka na mifuko yangu, bado nacheka peke yangu ngazini. Stoo nikawasha mashine nikaanza kulisha. Katika mfuko wa Zafarani kulikuwa na karatasi nne, tatu nyeupe, na moja iliyoandikwa kwa penseli kuanzia juu mpaka chini. Niliishika. Nakumbuka nilijisemea huyu mgeni ana mwandiko mzuri, wala sikukumbuka mgeni ni nani. Nikageuza uso, kama sheria inavyotaka, nikaitia mdomoni mwa mashine.

Dakika tano hazikupita nikasikia miguu mitupu ikishuka ngazi za nyuma. Kona alisimama mlangoni, kile kibao mkononi. Kilikuwa kimeandikwa: *Karatasi yangu iko wapi?*

Sikuhitaji kuulizwa mara mbili. Tulimwaga lile pipa sakafuni, tukapiga magoti, watu wazima wawili, tukaanza kuchambua nyuzi za karatasi nyembamba kama tambi. Zilikuwa za vyumba vyote na za siku tatu. Tulipata mkia wa herufi hapa, tumbo la herufi pale. Nilizilaza kwenye aproni yangu nikizisogeza. Hakuna uzi uliokubali mwenziwe. Kona alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Ni mimi, ni mimi, ni mimi," mpaka nikamwambia anyamaze.

Fundi akaja taratibu, ameshika ukuta. Alitukuta hivyo, mkewe na joho la hoteli, mimi na makaratasi kichwani, na akacheka. Kucheka kwake hakukuwa na sauti, mabega ndiyo yaliyocheza. Akamwinua mkewe, akachukua kibao. *Acheni. Nitaandika tena nyumbani.*

"Uliandika nini?" Kona alimwuliza.

*Ni yake. Usimwambie kitu mpaka nimalize.*

Na angemaliza, nina hakika. Tatizo ni ufundi wake. Wiki ile mkono ulianza kutetemeka, kwa dawa au kwa ugonjwa wenyewe. Kona alimnunulia karatasi nzuri. Aliandika mstari mmoja, akautazama, akauchana. Siku ya pili vivyo hivyo. Mkewe akamwambia, "Mpelekee hivyo hivyo, mwanao hataangalia mwandiko." Akamjibu kwa herufi zilizokuwa zinapanda na kushuka: *Huyo ndiye mtu pekee atakayeuangalia.* Alikuwa akingoja siku ambayo mkono ungetulia. Siku ya kumi na mbili, mchana, aliandika *dirisha*. Kona akafungua dirisha, na aliporudi kitandani mumewe alikuwa ameshakata roho.

Binti alikuja mazikoni. Alisimama nyuma kabisa pamoja na majirani, kama mtu aliyepita njia.

Wiki tatu baadaye Kona alimwita nyumbani na akaniomba niwepo. "Wewe ndiye shahidi wangu, Redio. Sema ulichokiona tu." Tulikaa sebuleni, brashi za marehemu zimefungwa kwenye gazeti juu ya kabati. Binti aliingia, mrefu, mabega ya baba yake. Akanisalimu kwa heshima, "Shikamoo mama mdogo," akakaa kwenye ncha ya kiti.

Kona alisimulia yote, hakujitetea. Ukuta, ile A, mgongo mezani, mfuko wa bluu. Binti alisikiliza akitazama sakafu. Mama yake alipomaliza, binti alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kilio.

"Mama, nakushukuru. Najua unanipenda. Lakini msinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Baba aliniandikia ukurasa mzima, halafu wewe, wewe mwenyewe uliyekuwa ukimbembeleza miaka sita, ukautupa?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu."

"Na akakaa siku kumi na mbili hakuandika hata neno moja."

"Mkono ulikuwa unatetemeka."

"Sawa, mama."

Alisema sawa kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa. Kona alinigeukia. Uso wake, sijui niuelezeje. Nilisema nilichokiona: kwamba karatasi ilikuwepo, kwamba niliishika mimi, kwamba mwandiko ulikuwa wa penseli na mzuri. Binti akaniuliza taratibu, "Na imeandikwa nini, mama mdogo?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sijui. Ni neno dogo, na lilikuwa la kweli. Lakini nilimwona mama yule anavyozama, na binti anavyozama upande wake, na mdomo wangu, wewe umeshaujua.

"Niliona neno la kwanza tu," nilisema. "Lilikuwa *Mwanangu*."

Binti akainua kichwa. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni, na nikafikiri nimewaokoa wote wawili.

"Una hakika?"

"Kwa macho yangu haya."

Akasimama. Akachukua mkoba wake. "Baba hajawahi kuniita mwanangu. Tangu nimezaliwa, hata siku moja. Aliniita Bosi. Mbele ya wateja, mbele ya mama, nikiwa na homa, nikifaulu, nikifeli, Bosi. Mama, ungemwambia mwenzio hilo angalau, kabla hamjakaa kunipangia maneno." Akambusu mama yake kwenye paji la uso, akatoka, akafunga mlango bila kuubamiza.

Kona hakunitukana. Heri angenitukana. Alikaa mikono mapajani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue haifanyi kitu, akasema, "Ungenyamaza tu, Redio."

Bado tunafanya kazi pamoja. Anatandika, mimi nafuta vumbi, na siku hizi ni mimi ninayekaa kimya. Simu ya mama yake binti anapokea, lakini karatasi ikitajwa anaaga. Kona ameacha kuitaja, asije akampoteza na huyo. Mimi nimekwenda pale kazini kwa binti mara mbili. Mara ya kwanza waliniambia ametoka. Mara ya pili nilimwona kupitia kioo, na yeye akaniona, na nikaambiwa ametoka.

Ndiyo maana nimekaa nikaandika haya, mimi ninayejua kusema tu. Mwandiko wangu ni mbaya, utaniwia radhi, najua unaangalia. Lile neno *Mwanangu* ni langu. Nilitunga mimi, kwa huruma na kwa kiherehere, na mama yako hakujua kwamba nitalisema. Mengine yote aliyokuambia ni kweli. Karatasi ilikuwepo. Niliishika kwa mkono huu, ilikuwa imejaa kuanzia juu mpaka chini, na sikusoma hata herufi moja.